Maswali ya Bustani: Makangaga Yanayoishi Juu ya Miti

Tangu masika yalipokatika, barua nyingi zilizofika kwenye safu hii zimekuwa na kilio kimoja: msomaji amenunua kangaga zuri kwenye kitalu cha kando ya barabara, amelipanda katika chungu kilichojaa udongo mweusi na samadi, amelimwagilia asubuhi na jioni, na kabla ya miezi mitatu kupita limeoza. Kwa hiyo toleo hili nimelitenga kwa makangaga peke yake, hasa yale ambayo katika makazi yake ya asili hayagusi ardhi kabisa, bali hushika gome la mti na kuishi huko juu maisha yake yote. Wataalamu huiita mimea ya namna hii epifiti. Mizizi yake imezoea kuloweshwa na mvua, kisha kupigwa na upepo hadi ikauke, na msomaji atakayelishika jambo hilo ataweza kujijibu maswali mengi kabla ya kuniandikia. Barua nimezifupisha, na waandishi wake nimewataja kwa mahali wanapoishi tu.

Shikamoo mshauri. Nyumbani kwetu kuna mwembe wa dodo ulioachwa na marehemu baba. Kwenye panda ya matawi limeota kangaga lenye upana wa sinia ya pilau. Jirani yangu, ambaye ni mtu mzima na ninamheshimu, anasema linaunyonya mwembe, na kwamba ndiyo sababu mwaka huu haukuzaa. Anashauri nilikate na kumwagia chumvi ili lisirudi. Nifanyeje? — Msomaji, Muheza

Marahaba. Tafadhali usimwage chumvi, kwa kuwa itashuka na maji ya mvua hadi kwenye mizizi ya mwembe, nawe utakuwa umeudhuru mti uliokusudia kuuponya.

Kangaga hilo haliunyonyi mwembe. Mizizi yake hushika gome kwa nje tu, kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake. Chakula chake hujitengenezea kwa mwanga wa jua kama mmea mwingine wowote wa kijani. Maji huyapata kutokana na mvua inayotiririka kwenye matawi. Na madini huyapata kutokana na majani yaliyoanguka na kuoza katikati yake, vumbi, na kinyesi cha ndege. Nadhani jirani yako amelichanganya na kirukia, na kosa hilo ni la watu wengi, maana vyote viwili huonekana vikiota mahali palepale. Kirukia hupenyeza mizizi yake ndani ya gome hadi kwenye mbao na kunywa maji ya mti. Kuvitofautisha ni rahisi. Panda ngazi, uinue ukingo wa kangaga kwa vidole: utaona mizizi ikibanduka na gome la chini likiwa zima. Ukijaribu kubandua kirukia hutaweza, kwa sababu kimeungana na tawi, na mahali pa kuungana pamevimba, na mara nyingi sehemu ya tawi iliyo mbele yake imeanza kukauka. Hicho ndicho cha kukata, tena ukate pamoja na kipande cha tawi lililobeba.

Kuhusu kuzaa, miembe mingi huzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata, na mvua ikinyesha wakati wa maua, magonjwa ya kuvu hupukutisha maua hayo kabla ya kuwa matunda. Nakushauri uyachunguze hayo kwanza.

Hata hivyo, kuna hatari moja ambayo jirani yako angekuwa na haki ya kuitaja, nayo ni uzito. Kangaga kubwa hukusanya mboji na kushika maji kama sponji. Mwaka 2004 watafiti wawili waliokuwa wakichunguza makangaga-kiota, yaani yale ambayo majani yake hujipanga kama kiota cha ndege, katika bonde la Danum, jimbo la Sabah nchini Malaysia, walieleza kwamba kangaga moja kubwa lililolowa huweza kufikia kilo 200, na kwamba wadudu na viumbe wadogo wanaoishi ndani yake huweza kulingana kwa uzito na wale wote wanaoishi katika sehemu nyingine ya kilele cha mti huo. Lako halijafikia ukubwa huo, lakini kama tawi limeoza au linaning'inia juu ya paa la nyumba, lipunguze au lihamishie kwenye panda ya chini. Kama tawi ni zima, liache lilipo.

Mshauri mpendwa, kangaga langu lenye majani kama pembe lina mabaka ya kahawia kwenye ncha za majani, upande wa chini. Nimeyakwangua kwa kisu lakini yanatokea tena kwenye majani mapya. Pia majani yana unga mweupe ambao huufuta kwa kitambaa chenye maji kila Jumamosi. Na yale majani ya duara yaliyo nyuma yamekauka na kuwa kama karatasi ya kaki. Niyang'oe? — Msomaji, Mombasa

Mama, weka kisu chini, weka kitambaa chini, na usiyang'oe. Mambo yote matatu uliyoyaeleza ni dalili za afya, na nimefurahi umeuliza kabla ya kufika kwenye hatua ya tatu.

Ulilo nalo ni kangaga la jenasi Platycerium, jina lililotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya pembe pana. Katika safu hii nitaliita kangaga-pembe. Spishi mojawapo, Platycerium alcicorne, ni ya kwetu hasa, kwa kuwa huota kwa asili kwenye misitu ya nyanda za chini za pwani ya Kenya na Tanzania, na pia Msumbiji, Komoro na Madagaska. Makangaga haya huzaa majani ya namna mbili. Ya kwanza ni yale ya duara, ambayo hulala bapa juu ya ubao au gome kama ngao, hukua yakiwa mabichi, kisha hukauka na kubaki palepale. Kazi yake huendelea hata yakishakauka: huifunika mizizi isipigwe na jua, hushika unyevu, na hudaka takataka zinazooza na kuulisha mmea. Ukiyang'oa utaiacha mizizi wazi, na mara nyingi utang'oa pamoja nayo kichipukizi kilichofichwa katikati, ambacho ndicho uhai wa mmea wote.

Namna ya pili ni yale yanayochomoza mbele na kugawanyika kama pembe. Hayo ndiyo yanayobeba uzazi. Makangaga hayatoi maua wala mbegu, bali hutoa spora, yaani chembe laini kama vumbi, na mabaka ya kahawia unayoyakwangua ni mamilioni ya spora zikiwa ndani ya vifuko vyake. Nao ule unga mweupe si vumbi wala ukungu. Ni vinyweleo vidogo vyenye umbo la nyota vinavyolikinga jani dhidi ya jua kali na kupunguza upotevu wa maji. Ulivyovifuta havitarudi kwenye jani lilelile, lakini majani mapya yatakuja navyo.

Ukitaka kujua ugonjwa wa kweli unavyoonekana, tazama katikati ya mmea, mahali majani yanapochipukia. Pakiwa peusi, laini na penye majimaji, mmea unaoza kwa kumwagiliwa kupita kiasi, nawe uache kumwagilia mara moja na kuuhamishia penye upepo. Wadudu gamba nao huweza kufanana na mabaka, lakini hao hukaa mmojammoja kama vidonge vidogo vya kahawia, hubanduka kwa ukucha, na huacha utomvu wa kunata unaowavutia sisimizi. Watoe kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti. Dawa za kupulizia zenye mafuta sizipendekezi, kwa sababu majani ya makangaga huungua nazo kwa urahisi.

Mshauri, naishi Kunduchi, si mbali na ufuko. Nilifunga kangaga-pembe kwenye ubao na kulizungushia makumbi ya nazi niliyopewa na ndugu zangu wanaosokota kamba. Humwagilia kila siku kwa maji ya kisima, nalo nimelipa maganda ya ndizi kama nilivyoshauriwa. Ncha za majani zinakuwa nyeusi, na kila wiki linazidi kunyong'onyea. Sijui nimekosea wapi. — Msomaji, Dar es Salaam

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, maana kangaga langu la kwanza lilikufa kwa njia hiyohiyo, na ilinichukua muda mrefu kufahamu kwamba nilikuwa nikiliua kwa chumvi huku nikiamini ninalitunza.

Tuanze na makumbi. Hakuna kitu kifaacho kuliko makumbi kwa kupandia epifiti katika mwambao wetu, kwa kuwa hushika maji kiasi, huruhusu hewa, na huoza polepole. Lakini wasokotaji wa kamba huyafukia makumbi kwenye matope ya bahari, pale maji yanapojaa na kupwa, kwa miezi mingi hadi nyuzi zilainike, na kwa hiyo nyuzi hizo zimejaa chumvi. Hata makumbi ambayo hayajaguswa na bahari huwa na chumvi kiasi, kwa sababu mnazi wenyewe huivuta kutoka ardhini. Yaloweke katika ndoo ya maji ya mvua kwa siku nzima, yakamue, umwage maji, na urudie mara tano au sita. Kisha mimina kijiko cha maji ya mwisho kwenye sahani ya kioo na uiache juani hadi ikauke. Ukiona utando mweupe ulio wazi, endelea kusuuza.

Jaribio hilohilo la sahani lifanye kwa maji ya kisima chako. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya munyu, ambayo mtu anaweza kufulia nguo bila kuona tofauti kubwa, lakini epifiti haiwezi kuyavumilia. Mmea wa ardhini una udongo wa kuipunguza makali chumvi hiyo na mvua ya kuisukuma chini, mbali na mizizi. Kangaga lililofungwa kwenye ubao lina kiganja kimoja tu cha makumbi, na kila siku maji yanapokauka chumvi hubaki, kesho huongezeka nyingine, hadi mizizi inashindwa kuvuta maji hata ikiwa imelowa. Ndiyo maana linanyong'onyea kama mmea wenye kiu, nawe kwa huruma unalizidishia yaleyale maji.

Dawa yake ni maji ya mvua, ambayo huyakingi kwa gharama kubwa. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Basi bati lenye mita za mraba 20, mvua ya milimita 30 ikinyesha, litakupa lita zipatazo 600, na kangaga moja halitumii hata lita 10 kwa wiki. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe bati, ndipo ukinge. Pipa lifunike kwa neti iliyokaza, kwa sababu mbu wanaoeneza homa ya dengue, ambayo Dar es Salaam iliijua vizuri mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huzaliana katika maji safi yaliyotuama karibu na nyumba. Mvua zikikatika na pipa likiisha, maji ya bomba yaliyokaa wazi usiku kucha yanafaa zaidi kuliko ya kisima cha munyu.

Sasa funga upya. Tafuta ubao mgumu usiotiwa dawa ya mchwa wala rangi. Vipande vya mninga vinavyotupwa kwenye karakana za maseremala vinafaa sana. Weka rundo la makumbi yaliyosuuzwa, unene wa vidole vitatu, ulaze kangaga juu yake, kichipukizi kikielekea juu kidogo, kisha ulifunge kwa mshipi wa kuvulia samaki ukipita juu ya majani ya ngao, bila kukigusa kichipukizi. Waya wa shaba usiutumie, kwa kuwa shaba ni sumu kwa makangaga. Baada ya miezi kadhaa majani mapya ya ngao yataufunika mshipi wenyewe.

Kumwagilia kila siku nako ni kosa, ingawa si kwa misimu yote. Unyanyue ubao kwa mkono: ukiwa mzito, uache, ukiwa mwepesi kama ulivyokuwa siku ulipoufunga, uzamishe kwenye ndoo kwa dakika kumi na tano, uache udondoke maji, kisha uurudishe mahali pake. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, huenda ukalazimika kufanya hivyo kila baada ya siku mbili. Wakati wa masika unaweza kupitisha wiki mbili bila kuugusa. Kwa kuwa upo karibu na ufuko, utundike upande wa nyumba usioelekea bahari, maana kusi hubeba matone ya maji ya chumvi na kuyatua juu ya majani.

Kuhusu maganda ya ndizi, najua ushauri huo umeenea, lakini siukubali. Katika joto la Dar es Salaam maganda huoza haraka mno nyuma ya majani ya ngao, huita nzi na sisimizi, na joto la kuoza kwake huweza kukidhuru kichipukizi. Chukua samadi kavu ya ng'ombe, iloweke kwenye maji ya mvua kwa siku tatu, uchuje, kisha uyapunguze makali hadi yawe na rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi. Mara moja kwa mwezi yatosha, tena wakati mmea unapotoa majani mapya tu. Mbolea ya chumvichumvi ya dukani nayo inafaa, ila uitie robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Lakini kwa sasa usilipe chakula chochote. Lipate kwanza maji safi kwa miezi miwili.

Nilipewa na shemeji yangu kangaga lililoanguka na tawi la mringaringa shambani kwake. Lilikuwa na majani marefu ya kijani na mengine mafupi ya kahawia. Kuanzia Agosti majani marefu yote yamepukutika, yakabaki vijiti. Nimeliua? — Msomaji, Moshi

Hujaliua. Kwa maelezo yako naamini ni Drynaria volkensii, kangaga la milima ya Afrika lililopewa jina la Georg Volkens, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani aliyefanya utafiti Kilimanjaro katika miaka ya 1890. Kiangazi kikifika hupukutisha vipande vya majani yake marefu na kubakiza uti wa kati, ili lisipoteze maji, na majani yake mafupi ya kahawia hubaki yakiwa kama kapu la kudakia majani yanayoanguka kutoka juu. Binya shina lake nene lenye magamba kama manyoya: likiwa gumu, mmea u hai. Lipe maji kidogo mara moja kwa wiki, usilitie mbolea, usikate vijiti, na ungoje mvua. Likianza kuchomoza vichipukizi vilivyojikunja kama ukucha wa simba, hapo ndipo uongeze maji.

Kangaga-pembe langu lenye majani mapana yasiyogawanyika, kama masikio ya ndovu, limesimama kukua tangu Juni, na majani yamelegea. Liko kwenye roshani. — Msomaji, Nairobi

Hilo ni Platycerium elephantotis, ambalo huota kwa asili katika maeneo ya joto ya bara la Afrika, Uganda na Tanzania zikiwemo, nalo haliwezi baridi. Usiku wa Julai jijini Nairobi huweza kukaribia nyuzi 10 za selsiasi, ilhali mmea huu hutaka usiku usiopungua nyuzi 15. Baridi pamoja na maji ndiyo mchanganyiko unaoua, kwa hiyo liingize ndani penye mwanga wa dirisha na ulipunguzie maji sana hadi Septemba. Ukitaka la kukaa nje mwaka mzima, tafuta Platycerium bifurcatum ya Australia, ambayo huvumilia baridi vizuri zaidi na hupatikana kwenye vitalu vingi.

Barabarani huku kwetu huwaona vijana wakiuza makangaga yaliyong'olewa msituni, mengine bado yana gome la mti. Bei yake ni ndogo kuliko ya kitaluni. Je, ni vibaya kununua? Na vile vigogo vyeusi vya nyuzinyuzi wanavyouza kwa ajili ya kupandia, vinatoka wapi? — Msomaji, Korogwe

Naam, ni vibaya, na nitaeleza kwa nini bila kuwalaumu vijana wanaotafuta riziki. Kangaga-pembe la upana wa mikono miwili limeishi miaka mingi. Likibanduliwa kwa panga hupoteza karibu mizizi yote, kwa kuwa mizizi hiyo ndiyo iliyokuwa imeshika gome, na mengi ya hayo unayoyaona barabarani yatakauka kabla hayajashika ubao mpya. Kwa hiyo mnunuzi hupata hasara, na msitu hupata hasara kubwa zaidi. Misitu ya Usambara Mashariki ina mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na ndiyo sababu eneo la Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, lilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuchukua mazao ya msitu kwenye hifadhi bila kibali, na kangaga ni zao la msitu kama ulivyo ubao.

Vigogo vyeusi ulivyoviona ni mashina ya makangaga-miti ya jenasi Cyathea, ambayo husimama kama minazi midogo kandokando ya vijito vya milimani. Hukua polepole, na mti mzima hukatwa ili kupata kigogo cha urefu wa mkono. Biashara yake baina ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Sioni sababu ya mtu wa Tanga, penye minazi kila upande, kuvinunua, ilhali makumbi yapo.

Kama unawafahamu vijana hao, waonyeshe jibu linalofuata. Anayejua kupanda mti ili kufikia kangaga ana uvumilivu wa kutosha kuliotesha.

Assalaam alaykum mshauri. Nina makangaga-kiota matatu makubwa ambayo wageni wa hoteli huyapenda sana. Nimengoja miaka miwili yatoe vichipukizi vya pembeni nivigawe niviuze, wala sioni kitu. Kangaga-pembe langu lakini linatoa. Kuna siri gani? — Msomaji, Unguja

Wa alaykum salaam. Kangaga-pembe hutoa vichipukizi kutoka kwenye mizizi yake, nawe unaweza kukitenga kimoja kwa kisu kikali kikishafikisha majani ya ngao ya upana wa kiganja, pamoja na bonge la mizizi nyuma yake. Kangaga-kiota, Asplenium nidus, halina tabia hiyo. Hukua kutoka kitovu kimoja, na kwa hiyo anayetaka miche hana budi kuiotesha kwa spora. Kazi hii huchukua muda, lakini haihitaji mtaji, na kangaga moja lina spora za kuijaza Unguja nzima.

Geuza jani lililokomaa, utazame nusu yake ya juu. Utaona mistari ya kahawia iliyojipanga sambamba kutoka uti wa kati kuelekea ukingoni. Mistari ikiwa ya kijani, ngoja. Ikiwa imekoza kama kahawa na haijaanza kuchanika, kata kipande, ukiweke juu ya karatasi nyeupe upande wa mistari ukitazama chini, ukifunike mahali pasipo upepo. Baada ya siku mbili au tatu utakuta vumbi limeanguka kwa kufuata umbo la mistari. Inamisha karatasi polepole: maganda mazito yatateleza kwanza, na lile vumbi laini linalobaki limeshika karatasi ndilo spora.

Tafuta tofali la kuchoma lililo jipya, au kipande chake kinachoingia kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaopitisha mwanga. Lichemshe kwa nusu saa, kwa maana adui mkubwa wa kazi hii ni ukungu na kuvumwani, ambavyo spora zake zimo katika kila chembe ya vumbi la nyumbani. Likipoa, liweke kwenye chombo kilichosuuzwa kwa maji yaliyochemka, utie maji ya mvua yaliyochemshwa na kupozwa hadi yafike nusu ya kimo cha tofali, kisha upulize spora kidogo sana juu yake. Wengi huharibu hapa kwa kumwaga nyingi, zikaota zikibanana, zikaoza pamoja. Funika, weka penye mwanga usiopigwa na jua moja kwa moja, na usifungue kwa sababu tu unatamani kuona.

Baada ya wiki chache tofali litapata rangi ya kijani. Huo si mchezo wa kuvumwani ukiwa umechemsha vizuri. Ni vimea vidogo, ambavyo baadaye vitakuwa bapa na kuwa na umbo la moyo, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Vimea hivi ndivyo vyenye uzazi wa kiume na wa kike, na mbegu ya kiume huogelea kwenye tone la maji ili kulifikia yai. Pasipo maji juu yake hakuna kangaga litakalozaliwa. Kwa hiyo vikishafikia umbo la moyo, nyunyizia maji yaliyochemshwa na kupozwa kwa chupa yenye tundu laini, mara moja kila wiki, hadi uone majani madogo ya kwanza yakisimama wima kutoka chini ya vile vimoyo. Inaweza kuchukua miezi mitatu, na inaweza kuchukua karibu mwaka.

Yakifikisha kimo cha nusu kidole, yahamishe kwa kijiti cha meno kwenye makumbi yaliyokatwakatwa na kusuuzwa kama nilivyomweleza msomaji wa Kunduchi, ukiyaacha chini ya mfuniko, na kila siku uusogeze mfuniko kidogo kwa muda wa wiki tatu ili yazoee hewa ya nje. Makoa na konokono huyapenda majani hayo kuliko kitu kingine, nao huja usiku. Chombo kiweke juu ya meza ambayo miguu yake imesimamishwa katika makopo ya maji yenye sabuni, na hayo makopo yabadilishwe maji kila wiki. Miche itakuwa na ukubwa wa kuuzwa hotelini baada ya miaka miwili au mitatu, kwa hiyo usioteshe yote kwa mara moja. Weka tofali jipya kila baada ya miezi minne, ukiandika tarehe kwenye mfuniko, na ukishafika mwaka wa tatu utakuwa na ya kuuza kila msimu wa wageni bila kukata hata jani moja la yale makubwa.